Titi la Kushoto la Specioza

Wifi yangu Specioza hakuhitaji simu kujua habari za mwanawe. Titi lake la kushoto likianza kumchoma, basi Nancy ana shida huko aliko. Nancy alipotumbukia lamboni akiwa na miaka saba, Specioza alitupa jembe akakimbia kabla hajaitwa na mtu. Alipougua shule ya bweni kule Meatu, mama yake alifika huku mwalimu bado anatafuta namba ya kumpigia. Kijiji chetu kizima cha Migato kilijua.

Mimi sikupenda. Ni mwenyekiti wa akina mama kigangoni, mdomo wangu hauna breki, na mambo hayo niliyaita ushirikina tu.

Mwaka jana, mwezi wa sita, tulikuwa tunachuma pamba. Specioza akasimama ghafla, mkono kifuani. "Wifi, ni Nancy. Naenda Bariadi."

"Ukafanye nini? Sisi Wakatoliki tunasali rozari, hatusali matiti!"

Wachumaji wakacheka, nami kichwa kikavimba. Nikampigia Nancy, nikaweka sauti ya nje wote wasikie. Alikuwa ameolewa huko Bariadi, ana mimba ya miezi minane, na mumewe alikuwa amekwenda Bukundi kununua ng'ombe.

"Shikamoo shangazi. Niko salama tu. Mwambie mama asiache pamba."

"Umesikia?" nikamwambia Specioza. "Haya, inama uchume."

"Huo ni mdomo wake tu," akajibu. Lakini aliinama. Chakula cha mchana alikirudisha kama kilivyo.

Kesho yake saa nne asubuhi jirani wa Nancy akapiga simu. Kifafa cha mimba. Mayu wane, mama yangu! Amekwenda, yeye na mtoto tumboni. Jirani akasema wakati ule tunapiga, Nancy alikuwa kitandani, miguu imevimba, kichwa kinampasua. Alitudanganya ili mama yake asikose mavuno. Na kutoka kwetu hadi Bariadi kwa pikipiki ni saa moja tu, jamani. Saa moja!

Matanga yalipokwisha nilimpigia magoti Specioza. Nilitaka anitukane, anizabe kofi, lolote lile, maana nilistahili. Ningerudi nyumbani na uchungu wangu, lakini ningelala.

Akanishika mabega, akaniinua.

"Wewe hukujua, wifi," akasema. "Mimi nilijua, nikainama."