Nilianza na sports ya cc 300 ambayo haijazindikwa, wakanitoa kwenye msafara

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kahama. Wahusika wengine wamo humu humu jukwaani, waje wakanushe.

Mimi ni mwanamke, mama wa mapacha. Nina karasha upande wa Geita, nasaga mawe ya dhahabu. Miaka yote nimeendesha pikipiki za kawaida, hizi za bodaboda. Mwaka jana nikasema basi, sasa nataka sports, zile pikipiki za mbio.

Kaka yangu Masanja yumo kwenye kundi la wenye sports, kila Jumapili wanatoka pamoja. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Nilitamani sana kuingia, sitawadanganya.

Sasa huku machimboni mtu akipata lazima ionekane. Wote walianza na cc 600, hata yule ambaye juzi tu alikuwa na baiskeli.

Kaka akanipeleka kwa dalali nikaijaribu moja. Vidole tu ndivyo viligusa chini. Ukigusa mafuta kidogo imeshafyatuka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Nikashuka.

Nikachukua cc 300. Miguu inakanyaga chini yote, usukani haukulazimishi kulalia tumbo, ina ABS, yaani ukibana breki tairi haligandi, na spea nikikosa Kahama naagiza Mwanza. Anayeanza anatafuta nini tena? Hao wanaosema "utaichoka ndani ya mwezi" wengi wao kona zenyewe zinawashinda.

Kaka akaiangalia akasema, "Mama Kulwa, unatuaibisha na hii ya kitoto."

Nikamwambia, "Aibu ni yako kaka, pikipiki ni yangu."

Likabaki jambo moja. Kundini kila pikipiki mpya inapelekwa Buseresere kwa mtaalamu, inapakwa dawa na kufungwa hirizi chini ya siti. Ndiyo kuzindika huko, ili barabara isikudhuru. Simcheki mtu kwa imani yake, ila mimi nilikataa. Nikanunua helmeti nzuri, glovu na buti.

Wakanikubali kwa shingo upande, kwa heshima ya kaka.

Jumapili yangu ya kwanza tukatoka kwenda Tinde. Mimi nyuma kabisa, wao wamelala juu ya tenki. Tulipopita Isaka ng'ombe wakaanza kuvuka, na mnajua akivuka mmoja wote wanafuata.

Kaka alikuwa mbele. Alibana breki ya mbele yote kwa pupa, tairi likaganda, akalala nayo mpaka mtaroni. Mimi nilibana nikasimama. Mguu wake ulivunjika. Nililia pale barabarani bila kujali nani ananiona.

Tukiwa nje ya hospitali, mwenyekiti wa kundi akaniita pembeni.

"Mama Kulwa, yako haijazindikwa. Umeingia nayo katikati yetu, ndiyo imetuletea haya. Nenda Buseresere ikatengenezwe, la sivyo usitoke na sisi tena."

Nikamuuliza, "Ya Masanja si ilizindikwa?"

"Ndiyo maana hajafa."

Wakuu, hebu fikirieni. Hasira zilinipanda. Mtu kanunua mnyama asiyemuweza, kaanguka, halafu mwenye kosa ni mimi niliyesimama salama!

Nikawaambia kwaherini.

Jumapili iliyofuata nilitoka peke yangu. Walinipita karibu na Isaka, hakuna hata mmoja aliyepiga honi. Iliniuma, na niliendelea na safari.

Kwa mnaotaka kuanza: chagua unayoweza kuisimamisha, kwenda mbio kila pikipiki inaweza. Ipande kwanza kabla hujaipenda. Usinunue ya kumfurahisha mtu wa kijiweni, maana siku ya mtaro utakuwa peke yako. Na ukubwa wa cc unaongezwa baadaye, mguu haununuliwi dukani.

Kaka anatembelea magongo, anaendelea vizuri. Kuhusu pikipiki hatujaongea, na mimi simlazimishi.

Mlioanza na ndogo semeni ilikuwaje. Mlioanza na 600 mkapona, nanyi semeni, matusi nitayasoma yote.

Jana mwenyekiti kanitumia ujumbe kwamba mlango uko wazi nikizindika. Nimemjibu kuwa Jumapili hii naenda Tinde, na akitaka kuja akae nyuma yangu.