Meza Niliyonyimwa Hallunda

Harufu ya siki ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa kwa mdogo wangu Imma, Vällingby, pembeni mwa Stockholm, nimekaa kwenye sofa na koti bado mwilini, maana mimi ni mtu wa kupita. Imma alimimina siki kidogo kwenye kitambaa, akaanza kufuta meza ya jikoni. Alifuta kutoka katikati kwenda pembeni, bila haraka, mpaka plastiki ya meza ikaanza kulia chini ya mkono wake. Kisha akawaita wanawe waje na vitabu vyao vya shule. Wakamjibu kwa Kiswidi kwamba wanakuja. Hawakuja.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Mwili ulibaki kwenye sofa, lakini pua ilikuwa imenishika mkono na kunipeleka Hallunda, mtaa tuliokulia, kwenye meza nyingine yenye plastiki ya maua ya manjano, ambayo mama yetu aliifuta hivyo hivyo kila asubuhi kabla ya kuweka kitabu juu yake.

Mnivumilie, kwa sababu nitakayosimulia ni habari ya wivu, na wivu wa mtoto haupendezi kinywani mwa mtu mwenye mvi. Lakini ulikuwa wivu wa kweli. Nimelala nao Malmö, nimelala nao Brussels, nimeamka nao Nairobi katika chumba cha kupanga, nikiwa nimeshasahau hata majina ya walimu wangu.

Mama alikuwa mwalimu. Huko kwetu Bukavu, Kongo, alifundisha shule ya msingi ya masista, na ninavyomkumbuka, vumbi la chaki halikumtoka vidoleni hata Jumapili. Hapa Stockholm hakuna aliyehitaji chaki yake. Papa, yaani baba yetu, alipata kazi ya kusafisha korido za hospitali Flemingsberg, akaizoea, hata akawa anatusimulia wauguzi kama watu wa ukoo. Mama alibaki nyumbani na mikono mitupu.

Kisha Deo akaacha kufanya ishara ya msalaba. Deo ndiye aliyenifuata mimi, na Imma alikuwa kitinda mimba. Deo alikuwa ameanza shule mwaka uliotangulia. Jioni moja alikaa mezani, akamega ugali moja kwa moja, na Mama alipomuuliza, akasema kwa Kiswidi kwamba shuleni hakuna mtu anayefanya vile, watoto wanacheka. Mama hakugomba. Aliweka kijiko chini, akamtazama Papa, na usiku huo nyumba ilikuwa kimya kama kuna mgonjwa.

Siku hizo sheria bado iliruhusu mzazi kuomba manispaa imwachie afundishe watoto nyumbani. Leo ukiuliza jambo hilo watakutazama kama umeuliza njia ya kwenda mwezini. Mama aliomba, akapewa, kwa sharti kwamba watoto wasibaki nyuma ya wenzao, na kwamba mtu angekuja kuwakagua kwa Kiswidi. Kiswidi cha Mama kilikuwa cha sokoni na cha basi. Lakini alikuwa mwalimu tena, na uso wake ulinawiri kama wa bibi harusi.

Kilichobaki ni kuchagua vitabu. Jambo hilo lilichukua majira yote ya kiangazi, na kila Mkatoliki mwenye mdomo alichangia. Juu ya meza palikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilitoka kwa binamu wa Papa huko Ubelgiji: vitabu vya Kifaransa vya masista, vyembamba, vyenye hesabu, sarufi na katekisimu, vya madarasa ya chini tu. La pili lilikuwa boksi kubwa la Kiingereza lililoletwa na Mama Wanjiru, Mkenya wa parokiani kwetu, aliyelipata kwa familia ya Kimarekani iliyokuwa inarudi kwao. Humo kila mwezi ulikuwa na mtakatifu wake, na picha za kupaka rangi, na vitabu vilipanda darasa kwa darasa. La tatu lilikuwa la manispaa, la Kiswidi, lenye kindi anayejumlisha njugu.

Papa alipenda Kifaransa, kwa kuwa aliamini mtu hasomi mpaka apigwe na sarufi. Alikichukua kitabu cha kindi, akakigeuza mbele na nyuma. "Huyu anajumlisha vizuri," akasema, "lakini nani aliyemuumba? Hawasemi." Mama Wanjiru alikuja kila Jumapili baada ya misa kutetea boksi lake, akichanganya Kiswahili na Kiingereza, akisema watoto wa Kifaransa wataishia kuongea na nani hapa, na nguzo za taa? Paroko wetu, Mpolandi, aliitwa atoe neno. Akala sambusa zote, akauliza swali moja tu: nani atawafundisha kugombana kwenye theluji na kupatana?

Mimi nilikuwa upande wa boksi la Kiingereza, kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Lilikuwa na darasa langu. Kama Mama angechagua vile vya Ubelgiji, nilikuwa mkubwa mno. Kama angechagua boksi, kulikuwa na kitabu cha umri wangu, chenye jalada la kijani, na mtu akiwa na kitabu hupewa kiti. Basi kila nilipotumwa kupanga meza niliweka boksi juu na masista wa Ubelgiji chini. Asubuhi nilikuta Mama amepanga upya. Jioni nikapanga tena. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo.

Nilipoona haitoshi, nikaiga ugonjwa wa Deo. Kama kuacha msalaba ndiko kulikomrudisha mtu kifuani kwa mama yake, hata mimi nilikuwa na mkono. Jioni hiyo nilikaa, nikamega ugali bila kujigusa paji la uso, nikasubiri nyumba inyamaze. Mama aliendelea kugawa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Konso," akasema bila kuinua macho, "mkono umechoka? Tumia wa kushoto."

Papa akakohoa ili asicheke. Nikafanya msalaba, tena mkubwa kuliko wa askofu.

Uamuzi ulitoka mwisho wa kiangazi. Mama alilifunga boksi kwa kamba, ili Mama Wanjiru alichukue. Alisema vitabu ni vizuri, watakatifu ni wazuri, lakini humo kila kitu kinapimwa kwa futi na inchi, naye hatawafundisha wanawe kupima dunia kwa miguu ya watu wengine. Angeanza na vile vya masista, alivyovijua, kisha angeona. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikikiona kitabu changu cha kijani kikizama chini ya kamba.

"Na mimi?"

"Wewe utaendelea na shule yako."

"Kwa nini?"

Alikaza fundo kwanza. "Kwa sababu wewe hupotei, Konso."

Nililipokea neno hilo kama kofi. Mbuzi asiyepotea hafungwi kamba, na hakuna anayemtafuta jioni.

Hivyo vuli ilinikuta nikiondoka peke yangu. Nilivaa viatu kwenye korido huku siki ikinifuata, na nilipofika chini niligeuka kutazama dirisha la jikoni. Nje bado kulikuwa na giza. Dirishani taa ilikuwa ya manjano, vichwa viwili vidogo vimeinama, na Mama amesimama katikati yao, kiganja juu ya nywele za Imma. Watu wote walimwita Mama Konso, parokiani, dukani, hata kwa daktari. Jina lilikuwa langu, mama alikuwa wao.

Niliporudi mchana alinifungulia na maneno yale yale: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilisikia neno la kwanza tu. Mgeni, katika nyumba yetu. Kisha aliwafukuza wadogo waende chumbani, akafunga mlango wa jikoni, akaniwekea uji au mkate, akageukia sufuria yake.

"Haya, kaa. Leo wamewafundisha nini?"

Mwanzoni nilijibu kwa ubahili. Hesabu. Ramani. Lakini Mama hakukubali majibu ya namna hiyo. Alitaka kujua mwalimu alianza vipi, alichora nini ubaoni, neno lenyewe kwa Kiswidi ni lipi, walitamka vipi, nani hakuelewa na alielezwaje. Alinifanya nirudie huku akikoroga, midomo yake ikinifuata kimya kimya. Polepole nikaanza kunogewa. Nilikuwa nimegundua kwamba nikisimulia vizuri saa ile inarefuka. Darasani nikaacha kuchora pembeni mwa daftari, nikamsikiliza mwalimu kwa masikio mawili, nikiwinda kitu cha kumpelekea Mama. Siku tuliyosoma kuhusu barafu, nilimweleza kwamba ziwa haligandi lote, linashika juu tu kama uji uliopoa unavyoshika ngozi, na samaki wanabaki chini kwenye ulaini wao. Mama akacheka, akachungulia bakuli langu, akaniomba nirudie.

Nilidhani ananiliwaza. Nilidhani hayo ni makombo ninayotupiwa baada ya wengine kushiba asubuhi nzima.

Mkaguzi wa manispaa alikuja wakati wa likizo ya majira ya baridi, kwa hiyo nilikuwepo. Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kufuma, aliyevua viatu vyake mlangoni na kuvipanga sambamba na vyetu. Mama alifuta meza mpaka plastiki ikalia. Mimi niliambiwa nikae koridoni, na mlango safari hii uliachwa wazi.

Aliwapa hesabu, wakafanya. Aliwapa kitabu cha kindi, Imma akasoma, akiburuta maneno lakini bila kuanguka. Kisha akamuuliza Deo swali la hivi hivi, huku akitazama theluji dirishani: samaki wa ziwa hawafi wakati wa baridi? Deo alisimama. Mama aliwafundisha kwa mtindo wa katekisimu, swali na jibu, mikono nyuma, na Deo alimjibu yule mama kama anavyomjibu padri anayeuliza nani aliyetuumba. Alisema kwa Kiswidi safi kwamba ziwa linashika juu tu, kama uji uliopoa unavyoshika ngozi, na samaki wanabaki chini kwenye ulaini wao.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Alicheka, akasema hajawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo. Mama akainamisha uso, na nikaona masikio yake yamebadilika rangi kwa furaha.

Mimi niliingia bafuni, nikafungua bomba ili nisisikike. Walikuwa na meza, walikuwa na asubuhi, walikuwa na kiganja cha Mama kichwani. Na sasa wamechukua hata uji wangu. Jioni, Mama alipofunga mlango na kusema "kaa", nilimjibu kwamba ni likizo, sikufundishwa kitu. Akavuta kiti, akakaa yeye.

"Basi niambie ulichoona njiani."

Nikauacha uji mpaka ukapoa. Lakini kesho yake nilimwambia.

Shule ile ya nyumbani iliendelea mwaka uliofuata, kisha wadogo zangu wakarudi shuleni, wakafanya vizuri, wakaoa na kuolewa, wakakaa mahali. Mimi nilimaliza sekondari na sikukaa popote. Nimefanya kazi meli za Bahari ya Baltiki, nimeuza simu, nimewafulia mashuka watu ambao sikuwaona nyuso zao. Na kila mji nilipofika nilijikuta nikitazama mambo kwa jicho la kuwinda, nikichagua lipi ni la kusimulia, bila kujiuliza nani aliyenituma.

Jioni ile Vällingby watoto wa Imma walikuja mezani hatimaye. Nikamwambia Imma, kwa sauti ya utani, kwamba siki hiyo bado inaniuma, kwa sababu wao walipewa Mama nami nikapewa baridi. Alisimama na kitambaa mkononi.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu kwa Kiswahili cha Bukavu, "sisi ndio tulikuwa tunakuonea wivu. Tulikaa dirishani kukungoja. Ukifika tu, tunafukuzwa, mlango unafungwa, tunakusikia unacheka na Mama. Kesho yake tunapata mabaki yako. Deo alikuwa analia."

"Mabaki gani?"

"Yote. Ulifikiri Mama Kiswidi kile alikitoa wapi?"

Niliaga mapema. Nikapanda treni, nikabadilisha katikati ya mji, nikashuka Hallunda. Njia nzima niliyaona mafungu yale matatu juu ya meza, masista wa Ubelgiji, watakatifu wa Amerika, kindi wa manispaa, na Mama akiyapanga upya kila asubuhi kwa sababu hakuna lililotosha. La nne lilikuwa limesimama mlangoni limenuna. Alihitaji mtoto mmoja wa kutoka nje na kurudi, na kati yetu akamchagua ambaye, alikuwa na hakika, angerudi.

Mama ni mzee sasa, na Papa hayupo. Alinifungulia na maneno yake ya siku zote, safari hii nikayasikia mpaka mwisho. Nilivua koti, nikalitundika. Aliweka sufuria ya uji motoni. Kisha, ingawa nyumba nzima hakukuwa na mtu mwingine wa kutusikia, akarudi taratibu akiegemea ukuta, akafunga mlango wa jikoni.

"Haya, kaa," akasema. "Huko wamekufundisha nini?"