Kikombe Kisicho na Mbegu

Pale mtaani Ngagara, kila asubuhi Soumaya humwona jirani yake, muuza barafu ya marakuja, akipasua matunda hayo ya pasheni na kuyamimina kwenye vikombe pamoja na mbegu zake, maana wateja hupenda kuzitafuna. Kikombe kimoja tu hukichuja kwa kitambaa, akikamua mpaka vidole viwe vya njano. Hicho kilikuwa cha mume wa jirani, aliyeugua koo hata mbegu ikamshinda kumeza. Jioni, Soumaya alizoea kumsikia jirani ng'ambo ya ukuta akimlisha mumewe kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko akiuliza: "Imepita?" Mume alizikwa mwezi wa pili. Kuchuja hakukukoma.

Leo joto limekuwa kali, na kufikia saa nane vikombe vimekwisha. Ndani ya friji kimebaki kile kimoja kilichochujwa.

"Mama, unipe hii," Soumaya akasema.

"Apana. Iko na mwenyewe."

Jirani alikitoa kikombe, akakishika mpaka barafu ikaanza kumchuruzikia kiganjani. Kisha akachukua kijiko, akachota kidogo, akamlisha Soumaya kwa mkono wake mwenyewe, macho yakiwa kooni kwake.

"Imepita?"