Shikamoo Niliyomnyima Kocha

Watu wakinikuta mnadani Katesh hupenda kuniuliza nimepigana mara ngapi ulingoni. Nawaambia hesabu ilinitoka kichwani pamoja na meno mawili. Wanacheka, nami nacheka. Lakini lipo pambano moja ambalo likitajwa tu nabadilisha mazungumzo, naanza kusifia vitunguu swaumu vyangu. Leo sitabadilisha.

Mimi ni mtu wa Nambis, Mbulu. Nyumbani tulilima mahindi na maharage, na kabla mtoto hajajua kushika jembe alifundishwa kuamkia. Mama yangu aliweza kumsamehe mtu aliyeacha ndama akamaliza maziwa yote, ila si mtu aliyempita mkubwa bila shikamoo. "Hata kama umemchukia, mwamkie kwanza," alikuwa anasema. "Chuki isubiri." Tulikuwa tunaamkia mpaka walevi waliolala njiani, maana huwezi kujua nani anasikia.

Nilipohamia Katesh kwa mjomba wangu, soko huria lilikuwa limeshaingia. Wafanyabiashara walikuwa wanaleta malori mpaka shambani na kununua mahindi wenyewe, na ghala la ushirika likabaki na popo na harufu ya dawa ya wadudu. Mimi nilikuwa napakia magunia kwenye malori hayo. Mabega yalijaa, na kichwa nacho kikajaa. Nikajiona mwanaume.

Jioni moja nikasikia vishindo ndani ya lile ghala, puh, puh, puh. Nikasukuma mlango. Kulikuwa na mtu mfupi wa mabega mapana anapiga gunia la pumba na mchanga lililoning'inia kwenye boriti. Nikamwuliza, bila hata kusimama vizuri, "Hilo gunia limekukosea nini?"

Akaacha kupiga. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Toka nje," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Nikatoka, sijui kwa nini. "Sasa ingia tena kama mtu aliyelelewa."

Nikaingia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ngumi. Yeye alikuwa amenizidi kama miaka kumi na minne, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo aliyetoka Kondoa zamani na kufungua duka karibu na stendi. Alikuwa amepigana Arusha na Singida, akarudi kusimamia duka la baba yake, na jioni alitufundisha bure pale ghalani. Tulimwita Kocha. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hiyo ya mlangoni: anayeingia anaamkia, halafu anavua viatu. Ya pili ilikuwa yangu peke yangu: mkono wa kushoto usishuke. Ulikuwa unashuka bwana, sijui ulikuwa unaokota nini chini! Kila ukishuka alinichapa shavuni kwa kandambili. Nimechapwa na ile kandambili zaidi ya nilivyochapwa shule nzima.

Jumapili nikitoka kanisani tulikwenda kwenye kibanda cha video cha binamu yake, nyuma ya stendi, jenereta likinguruma mpaka husikii kitu. Kulikuwa na kanda moja ya Mbrazili mmoja aliyepigana ule mchezo mchanganyiko, ngumi, mateke, mieleka na kukabana shingo. Kocha hakuupenda. "Huyu anapigana kama watu wanaogombea kiti cha basi," alisema. Lakini palikuwa na sehemu moja aliyomwambia binamu yake airudishe kila mara. Yule Mbrazili, kijana bado, anamwangusha mtu mzima aliyekuwa bingwa kabla yake. Watu wanapiga kelele. Yeye hashangilii. Anapiga magoti mbele ya yule mzee, anamshika mikono miwili, anaweka paji la uso juu yake.

Kibandani walibishana. Wengine wakasema ni dharau, utampigaje mtu halafu umpigie magoti? Kocha akasema, "Hapana. Kumpiga ni kazi yake. Kupiga magoti ni malezi yake. Heshima si utumwa." Halafu akanigeukia mimi, si mwingine. "Umeona?"

Nikasema nimeona. Na kweli niliona, siwezi kusingizia macho.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, kila mtu akataka kuwa wa kwanza wa kitu fulani. Promota mmoja kutoka Arusha akaja na wazo la mkanda wa mkoa mpya, upiganiwe Babati, wilaya ya Hanang, yenye Katesh yetu, kwa wilaya ya Mbulu. Mkanda wenyewe aliushona fundi viatu wa pale Babati, ngozi ya ng'ombe na bati la rangi ya dhahabu. Kwa upande wa Mbulu hapakuwa na mjadala, nilikuwa mimi. Kwa upande wa Hanang hapakuwa na mwingine wa uzito wangu anayejua kurusha ngumi, isipokuwa aliyenifundisha. Umri wake ulikuwa umeshakwenda, lakini watu wa Katesh walimfuata dukani wakamwambia atawaaibisha. Akakubali.

Promota aliniita pembeni. Akaniambia nikishinda ananichukua Dar es Salaam. Nikishindwa, nirudi kwenye magunia. Halafu akasema, "Lakini nakuonya. Usimwamkie yule mzee. Ninyi watu wa huko nawajua. Ukishasema shikamoo, mkono utakuwa mzito kama umeshika jiwe."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ngumi za Kocha sikuziogopa, nilizizoea. Nilichoogopa ni marahaba yake. Nilijua akiniambia "marahaba, mwanangu" mbele ya watu wote wale, nitakuwa tena yule wa mlangoni anayevua viatu, na Dar es Salaam itaondoka bila mimi.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa. Watu wa Mbulu walikuja na malori mawili, wengine wamevaa makoti ya baridi ndani ya joto la Babati. Mwamuzi akatuita katikati. Kocha akaja amevaa bukta ya bluu iliyopauka, akasimama mbele yangu, na akangoja. Sijakosea, alikuwa anangoja. Hakuinua glovu zake. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja kama mtu anayetega sikio, na midomo ilikuwa imeshajiandaa kujibu.

Mimi nikatazama kifua chake. Nikahesabu vinyweleo. Mwamuzi akamaliza maneno yake, kengele ikalia, na nikampiga ngumi ya kwanza nikiwa bado sijamwangalia usoni.

Alikwenda chini raundi ya sita. Ngumi tatu za kichwa, mfululizo, zote alizonifundisha mwenyewe. Na hata hapo bado nilikuwa na nafasi. Mbrazili alikuwa ameshanionyesha cha kufanya. Nilichofanya mimi ni kupanda kwenye kamba na kupiga kelele kama mwehu, na watu wa Mbulu wakanibeba mpaka kwenye lori. Niligeuka mara moja tu, nikamwona amekaa kwenye stuli kwenye kona yake, mtu anamfuta damu, naye anatazama mlango niliokuwa natokea.

Nilifika Nambis na mkanda begani. Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuuliza nani ameshinda. Akauliza, "Ulimwamkia?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akautazama ule mkanda kidogo, akaendelea kupepeta. Nadhani alijua. Mama hakosi kujua.

Dar nilikwenda, nikakaa miaka saba. Nilishinda ya kutosha kula na nikashindwa ya kutosha kurudi nyumbani. Nairobi nilivunjwa pua kwa sababu ya mkono uleule wa kushoto. Ningeweza kuandika mengi ya huko, lakini ukweli ni kwamba kila jioni nikiingia kwenye ukumbi wa mazoezi niliamkia kwanza mlangoni, hata kama ndani kulikuwa na vijana tupu. Walinicheka, "Mshamba huyu anaamkia magunia."

Mara ya kwanza kurudi Katesh nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Kocha. Alikuwa anapima kitambaa kwa mteja. Nikainama vizuri. "Shikamoo, Kocha."

Akanyanyua kichwa, akatabasamu, akanipa mkono. "Poa, bingwa. Habari za Dar?"

Loo! Mtu asiyejua desturi zetu ataona ni ukarimu. Mkubwa kukujibu "poa" ukiwa umemwamkia shikamoo ni kukuambia wewe si mtoto wake tena. Ni kukufungia mlango huku akikukaribisha kiti. Na kiti alinikaribisha kweli, na chai akaniagizia, na maswali akauliza yote. Nilikunywa ile chai, nikaaga.

Ikawa hivyo kila mara. Stendi, mnadani, msibani. "Shikamoo, Kocha." "Poa, bingwa." Mwaka hadi mwaka. Kuna siku nilipandwa na hasira nikasema moyoni basi, simwamkii tena, kwani mimi mfungwa? Nikampita. Nilifika kama hatua ishirini, nikarudi mbio na kumwamkia huku nahema. "Poa, bingwa," akasema. "Mbona unakimbia?"

Mwisho nikafanya kama inavyofanyika kwetu. Nikatafuta wazee watatu wa Nambis, nikachukua kondoo na kilo kumi za sukari, maana yeye ni Mwislamu na pombe ya wazee isingefaa, tukaenda kwake Jorodom, chini ya Mlima Hanang, kuomba msamaha. Alitupokea kwa heshima zote. Wazee wakasema walichokuja kusema. Akasikiliza, akasema, "Kosa gani? Alinipiga kihalali. Kupigwa ni kazi yetu." Akachinja yule kondoo, tukala pilau, tukasifiana. Nikadhani yameisha. Wakati wa kuaga nikainama, nikamwamkia. Akanishika bega.

"Poa, bingwa," akasema. Halafu akaongeza polepole, ili wazee wasisikie, "Marahaba haiombwi kwa kondoo. Ilikuwa na siku yake, na mimi siku hiyo nilikuwepo."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalikuwa yameshazeeka.

Nilistaafu ngumi, nikaoa, nikajenga Nambis, nikashika vitunguu swaumu. Nilisikia kwa vijana wenye simu kwamba yule Mbrazili naye amestaafu, ana mvi, anafundisha watoto kwao. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikamwonea na wivu pia, sitaficha.

Halafu asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, matope yakashuka kutoka Mlima Hanang na kupita Jorodom. Habari zilipofika Mbulu sikungoja maelezo, nilipanda gari la kwanza. Nilitembea kwenye tope mpaka magotini nikiuliza nyumba yake, mpaka nikaonyeshwa mahali palipokuwa na nyumba. Nilikaa kwenye jiwe na kulia bila aibu. Mwanamke mmoja akaniuliza namlilia nani, nikamwambia, akasema, "Huyo mzee yupo hai. Binti yake alimchukua tangu mwaka jana. Hajui hata kama nyumba imekwenda."

Nikamkuta kwa binti yake, upande wa juu wa mji, amekaa juani na koti zito na kandambili miguuni. Alikuwa amekonda. Binti alinipokea mlangoni akanieleza kwa sauti ndogo. Baba anasahau. Ya jana hayapo, watu amewasahau, wakati mwingine hamjui hata yeye. Daktari amesema inaweza kuwa ngumi za zamani, zile za kichwani.

Sikuuliza ni za nani. Nilikuwa nakumbuka tatu.

Nikasogea mbele yake, nikainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeingoja. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi. Binti yake alikuwa ananitazama, anaijua habari yote. Ningeweza kuipokea ile marahaba, nikaaga, nikarudi nayo Nambis. Nani angenidai? Lakini alikuwa amempa kijana fulani asiyemjua, mtu aliyelelewa. Hakunipa mimi.

"Mzee, mimi ndiye yule wa Nambis," nikasema. "Nilikupiga Babati raundi ya sita. Nilikupiga na sikukuamkia. Nisamehe."

Akanikazia macho muda mrefu. Akatazama mikono yangu, akatazama pua yangu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka mabega yakatikisika ndani ya lile koti.

"Mimi? Nipigwe mimi? Mwanangu, wamekudanganya. Wa kunipiga mimi hajazaliwa."

"Nilikupiga, Kocha."

"Hapana bwana." Akanishika mkono wa kushoto, akaunyanyua mpaka shavuni kwangu, akaubana pale kwa kiganja chake. "Huu unashuka. Kwa mkono huu utampiga nani? Ndiyo maana pua iko hivyo. Kesho uje ghalani mapema, nitakufundisha."

Machozi yalikuwa yanateremka juu ya vidole vyake.

"Na ukifika," akasema, "amkia kwanza."