Shibiri ya Mungu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaani anaitwa Bi Shibiri. Jina hilo si tusi. Shibiri ni kipimo cha mkono, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, vidole vikiwa vimetanuliwa. Kila kitambaa kilichoingia dukani kwake alikipima shibiri moja, akaikata, akaikunja, akaiweka pembeni, ndipo akamgeukia mwenye kitambaa na kumuuliza anataka kushonewa nini. Kipande cha kwanza kilikuwa cha Mungu. Mteja alifuata. Yeye mwenyewe sijui alikuwa wa ngapi. Kinyozi hajinyoi, na fundi wetu hajishonei: magauni yake ya nyumbani yana viraka juu ya viraka.

Naandika habari zake kwa sababu maneno yamesemwa, na mengine yamesemwa na watu waliokula mezani kwangu. Ukoo wa marehemu mume wangu ni wa watu walionyooka. Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu. Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na hakuwahi kusogeza jiwe la mpaka wa mtu hata kwa upana wa ukucha. Dada wa mtu kama huyo kuitwa mwizi wa kitambaa si jambo la kuachia upepo ulichukue.

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ana cherehani mbili, ya miguu na ya umeme, lakini ile ya umeme haiamini. “Hiyo ina haraka,” husema, “inashona kabla sijaamua.” Bobini za uzi anaziweka kwenye kopo la biskuti. Kioo cha kujitazamia kina ufa kwenye kona, hivyo kila mteja hujiona ana kovu begani. Juu ya kabati kuna sanduku la bati la rangi ya buluu, na humo ndimo zilimokuwa zikiingia shibiri zote.

Nilimuuliza mara nyingi desturi hiyo ilianzaje. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa ufundi, bado msichana, sindano ya cherehani ilimpita kwenye kidole cha mwisho. Aliahidi kwamba kidole kikipona, kila kitambaa atakachoshika atamtolea Mungu kwanza.

“Na kilipona?”

“Kilipona. Kimepinda, lakini kimepona.”

“Kwa hiyo shibiri yako ni fupi kuliko ya watu wengine.”

“Mungu anajua kilichopungua, wifi. Kidole alikipinda Yeye.”

Wateja wake wa siku zote walijua. Walipokwenda kununua kitambaa, waliongeza kidogo. “Kata na ya Mungu,” walimwambia muuza vitambaa, na muuza vitambaa naye akazoea. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu mshono wa wifi yangu haufumuki. Nguo huchakaa, mshono ukabaki.

Jambo lililonisumbua mimi ni sanduku. Nimesoma, nimesomesha, na napenda kujua kitu kinakwenda wapi. Siku moja nilimuuliza waziwazi.

“Vipande hivi vinakwenda wapi?”

“Haviendi popote. Vimeshafika.”

“Si ungewapelekea hata watoto wachanga hospitalini?”

“Nikiwapelekea, mama zao watanishukuru mimi. Hapo wa kwanza atakuwa nani?”

“Lakini Mungu hana haja na vitambaa.”

“Wala hana haja na kuambiwa asante, na kila siku tunamwambia.”

Nilipata jibu zuri sana la maneno hayo, ila nililipata nilipofika kwangu, na jibu la nyumbani halimsaidii mtu. Nililojiuliza njiani ni hili: kama angepima mteja kwanza, akajua nguo inakula kiasi gani, kisha akatoa, pangekuwa na ubaya gani? Nilimrudia kesho yake nikamuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

“Nikipima kwanza, nitakuwa nimempa Mungu kilichobaki. Makombo, wifi. Wewe mgeni wako unamkaribisha kwa makombo?”

Basi hivyo ndivyo alivyofanya kazi, mkasi mbele, futi nyuma, mpaka alipokuja mkunga.

Mkunga huyu amestaafu sasa. Amezalisha nusu ya mji, wanangu wakiwamo. Maisha yake yote alivaa sare za kazini, hakuwahi kushonesha nguo kwa wifi yangu, na desturi ya shibiri hakuwa na pa kuijulia. Binti yake alipopata mchumba, mkunga alitoa kabatini hariri ya rangi ya maziwa aliyoachiwa na mama yake kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Marehemu bibi alikuwa ameacha na neno: gauni liwe na mikono mirefu. Kitambaa kilitosha gauni la namna hiyo, bila kuzidi. Kingine cha aina yake hakipatikani tena popote.

Wifi yangu alikipokea, akashukuru, akakata.

Siku chache kabla ya harusi nilisikia hodi ya mtu asiyesubiri karibu. Mkunga akaingia.

“Mwalimu, sikuja kunywa chai.”

“Basi kaa bila chai.”

“Wifi yako ameniibia.”

“Dada, punguza sauti. Dirisha liko wazi.”

“Sipunguzi! Nimesikia wanawake wakipiga kelele miaka yangu yote ya kazi. Leo ni zamu yangu.”

Nilifunga dirisha. Alinieleza kwamba binti amejaribu gauni, na mikono inaishia chini kidogo ya viwiko. Fundi alipoulizwa alijibu bila wasiwasi wowote kwamba kitambaa kingetosha, ila shibiri moja ilikwenda kwa Mungu.

“Hakuiba,” nilisema. “Ametoa sadaka. Kila mtu hapa anajua.”

“Mimi sikujua. Na kama ni sadaka, mbona nisitoe mwenyewe? Mimi nimekatwa mikono?”

“Nitazungumza naye.”

“Utazungumza naye nikiwepo. Tukitoka pale sijapata mikono ya gauni, naenda kwenye kikao cha harusi, na kila mgeni atasikia jina la ukoo wenu, la mpima ardhi na la mwalimu mkuu, pamoja na neno wizi. Fundi anayewaibia wafu nani atampelekea kitambaa?”

Nilichukua mtandio wangu. Alichosema kingeweza kutokea, na kingeweza kutokea kabla jua halijazama.

Tulimkuta binti amesimama mbele ya kioo, ndani ya gauni, na kovu lake la ufa begani. Alikuwa amependeza, hilo lazima niliseme, lakini ile mikono ilikatisha uzuri kama hadithi iliyoachwa katikati. Wifi yangu alikuwa kwenye cherehani ya miguu, anapiga pindo.

Nilianza mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. “Wifi, mrudishie dada kipande chake, yaishe.”

“Haiwezekani.”

“Kipo?”

“Kipo juu kabisa, ni cha mwisho kuingia. Lakini nikikitoa humo, nimempokonya Mungu nikampa mtu. Uniombe lingine lolote. Nitanunua lesi nzuri, nimalizie mikono kwa gharama yangu. Nishone na nguo ya mama, bure.”

“Mimi sikutaka lesi,” alisema mkunga. “Na ulipokata, ulimpokonya nani?”

“Dada, Mungu anatangulia. Anakutangulia wewe, ananitangulia mimi, anamtangulia hata bibi harusi.”

“Atangulie kwenye vyako!”

“Kwangu ameshatangulia siku nyingi. Tazama nguo nilizovaa.”

Nilikuwa nimesimama kati yao, na nakiri kwamba, pamoja na hofu yangu juu ya jina letu, nilitaka kusikia mwisho wa mabishano yale. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Nimekaa kwenye vikao vingi vya watu waliosoma, na si kawaida kusikia hivyo.

Binti ndiye aliyeuliza. Hakugeuka. Aliuliza akimtazama wifi yangu ndani ya kioo.

“Shangazi, kwani Mungu alikipokea?”

“Kwa nini asikipokee?”

“Nauliza tu. Bibi hakukitoa, alikiweka kwa ajili yangu. Mama hakukitoa, hakujua. Mimi ndiyo kabisa. Na wewe hakikuwa chako. Sasa hiyo sadaka ni ya nani?”

Mguu wa wifi yangu ulisimama juu ya kanyagio. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, likatulia. Alitazama kidole chake kilichopinda, akakisugua, kama anayekiuliza kitu. Mkunga alifungua mdomo, nikamshika mkono, akaufunga.

“Miaka yote hii,” wifi yangu alisema hatimaye, “nimeogopa kumpa Mungu makombo. Sijawahi kuogopa kumpa vya watu.”

Alipanda juu ya kiti, akateremsha sanduku, akalifungua. Nilitegemea harufu ya vumbi. Ilitoka harufu ya pasi. Vipande vilikuwa vimekunjwa vyote kwa ukubwa mmoja, kama vitabu. Akatoa kile cha hariri, akamkabidhi mkunga kwa mikono miwili.

“Ni chako, dada. Hakikuwahi kuwa cha mwingine. Amua.”

“Nimeshaamua tangu jana. Shona mikono.”

Alishona papo hapo, sisi tumekaa. Kiungo alikificha chini ya ukanda mwembamba, chini kidogo ya kila kiwiko, ukaonekana kama urembo uliokusudiwa. Mkunga alipapasa mshono, akauvuta, ukakataa kufumuka. Sauti yake ikashuka.

“Kimebaki kiasi gani?”

“Ukanda wa vidole viwili.”

“Huo utie sandukuni. Ni wangu mimi kwa Mungu, si wako.”

“Dada, hayo ni makombo.”

“Ndiyo. Ni makombo yangu.”

Wifi yangu aliupiga pasi ukanda ule. Kisha akafungua sanduku na kumsogezea, mkunga akauweka kwa mkono wake. Harusi ilifanyika, na nilikaa mstari wa mbele na wakwe wa pande zote mbili. Walioleta neno wizi baadaye walilipata kwa wapita njia, si kwa mkunga, na nawaomba wasome habari hii polepole.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kwa wifi yangu ndipo yalipoanza. Kama shibiri ya mkunga haikuwa imefika kwa Mungu, je, nyingine? Alianza kuwatafuta wenye vitambaa, mmoja mmoja, akiwa na vipande ndani ya kikapu. Wengi walicheka. “Bi Shibiri, kitambaa nilinunua na ya Mungu ndani yake, unaniuliza nini tena?” Muuza maziwa alichukua chake, akasema anakihitaji kwa kiraka. Mke wa mwenye gereji, ambaye hatujawahi kumwona akimpa mtu hata kiberiti, alitoa machozi na kusema akirudishe sandukuni haraka kabla hajabadili mawazo. Wifi yangu aliniletea majibu hayo kila jioni kama mtu anayeleta habari za safari. Alikuwa na hamu ya kujua watu watasema nini. Sijawahi kumwona na hamu hiyo kabla.

Halafu, mchana mmoja, alikuja kwangu, akakaa, akatoa kipande cha kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba. Nilikijua kabla hajakikunjua. Ni cha suti aliyomshonea kaka yake, mume wangu, mwaka ule alipopandishwa cheo kazini. Ndiyo suti tuliyomzika nayo.

“Kaka hakuulizwa,” alisema. “Na sasa hayupo. Mwenye kujibu ni wewe.”

Nilikitia mkononi. Mtu aliyepima mashamba ya watu maisha yake yote hawezi kukosa kuona shibiri iliyopungua kwenye kitambaa chake. Aliona, nina hakika. Alinyamaza, naye hakuwa mtu wa kunyamazia kipimo kilichopungua. Je, kunyamaza kwake kulikuwa ni kutoa? Au alimwacha dada yake afurahi tu? Kama alitoa, mimi ni nani kushika kilichokwisha kwenda? Na kama hakutoa, hiki ndicho kitu pekee cha suti ile kilichobaki juu ya ardhi, na ni changu.

Huko nyuma ningejibu bila kufikiri kwamba Mungu atangulie. Nimelisema mbele za watu mara nyingi, na kwa sauti nzuri. Sasa kipande kilikuwa mkononi mwangu, na sikutaka kukiachia.

“Niachie,” nilimwambia.

“Ni chako, wifi.”

“Nikuulize basi. Nikikishika, Mungu atakuwa amekuwa wa pili?”

Alifikiri. Zamani angejibu kabla sijamaliza swali. “Sijui,” alisema. “Mimi nilidhani najua kwa sababu vilikuwa vya watu.”

Siku hizi akipokea kitambaa huchukua futi kwanza, hupima mwili, hupima nguo, kisha huweka mkasi mezani, mpini ukimwelekea mteja, na kunyamaza. Wapo wanaokata, wapo wanaoukwepa mkasi kama wanaoukwepa moto. Sanduku linajaa polepole. Kila siku ya ibada nakitia kile cha kijivu mkobani, napita kwake nikiwa njiani kurudi, na kila mara naondoka nacho.

“Bado, wifi?” huniuliza bila kuinua macho.

“Bado.”

“Haya. Kaa hapo nikuwekee vizuri kola, imekaa upande.”