Godoro Chini ya Karafuu

Kabla ya chumba cha Mkoani sikuwahi kumiliki kitu kisichoingia begini. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama. Nimepasua kuni Makangale, nimevuta nyavu Chokocho, nimevuka hadi Tanga nikakaa mpaka nikapachoka. Kote huko nililala juu ya mkeka wa mtu mwingine. Kisha nikaja kubeba mizigo bandarini, na mgongo ukaanza kunitesa. Asubuhi nilikuwa siinuki mara moja. Nageuka kwanza, nashika ukuta, napumzika, ndipo nasimama. Nikanunua godoro la sponji, jipya, na nailoni yake. Nililipandisha mlimani kichwani, na watu njiani wakinipigia vigelegele kama bwana harusi.

Chumba kilikuwa cha mama mmoja mjane, na mlango wake ulitazama uani. Hatukuandikiana chochote. Alinionyesha kisima na choo, akasema, "Kaa kwa amani, mwanangu. Nyumba yako hii." Nami nikamwita Bi, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

Msimu wa karafuu ulipofika, ua wote ulifunikwa majamvi, na karafuu zikaanikwa juu yake. Kwa wasiojua, mvua ikitisha Pemba hakuna anayeulizwa kama ana nafasi. Aliye karibu hukimbia, hata kama alikuwa anapita tu na ndoo yake ya samaki. Alasiri moja nilikuwa nimejinyoosha kitandani niliposikia kelele: "Mvua! Mvua jamani!" Nilipotoka, majirani walikwishaanza kukunja majamvi. Ghala ya Bi ilikuwa upande wa pili wa nyumba. Mlango wangu ulikuwa pale pale.

Niliufungua mwenyewe. Kwa kuwa maji huingia chini ya kizingiti na kutanda sakafuni, tulimwaga karafuu zote juu ya kitanda. Nikumbukavyo, sauti iliyozidi zote ilikuwa yangu: "Huku! Huku! Juu ya godoro!"

Mvua ile haikuwa na haraka ya kuondoka. Karafuu zilikuwa bado mbichi, na kuzivusha ua kulikuwa ni kuzirowesha zaidi. Zikabaki chumbani, nami nikahamia barazani. Kila nilipoingia kuchukua shati, nilitia mkono ndani ya lundo. Lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini.

"Bi, mbona zina moto?"

"Zinapumua."

"Zinapumuaje na hazina pua?"

"Weye mtoto huchoki kuuliza? Toa mkono wako huo, unaziharibu."

Jua liliporudi tukazitoa. Godoro lilikuwa la hudhurungi kutoka juu hadi chini. Nilipolibonyeza lilitoa maji mazito, na harufu ikanitoa machozi. Nililifua, nikalianika, nikalifua tena. Likakauka na vinundu, na ile harufu haikwenda popote. Nikililalia kichwa kilianza kugonga kabla usingizi haujafika. Nikarudi kwenye mkeka, na asubuhi nikarudi kwenye ukuta.

Nilimkuta Bi uani akichambua karafuu zilizoharibika, uso umemshuka.

"Bi, godoro langu limekufa."

"Na karafuu zangu je? Hizi hazikufa?"

"Lakini godoro lilikuwa ndani ya nyumba yako."

"Na karafuu zilikuwa ndani ya chumba chako. Haya, tushtakiane."

Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka, wala mimi sikucheka. Siku zilizofuata tulisalimiana kwa heshima zote, na kila mmoja akapita zake. Mwishowe nikamwambia twende kwa sheha, msuluhishi wa mtaa wetu. Sikuwa na hasira. Mgongo ulikuwa hauniachii kazi, na bila kazi chumba nacho kingenishinda.

Sheha alitupokea akiwa anamenya kunde. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mlango aliufungua nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Aliyesema juu ya kitanda?"

"Mimi."

Bi akanyoosha mkono. "Umemsikia, Mzee? Mie nilimwambia? Sikumwambia neno! Nilikuwa nahangaika na majamvi."

Sheha akatupa ganda. "Kweli hukumwambia. Na kama angeufunga ule mlango, akakaa ndani akisikiliza mvua?"

Bi alijifunika vizuri buibui lake, akatazama barabarani, kisha akasema ukweli wake: "Ningemfukuza siku ile ile."

"Basi ulimwambia," sheha akasema, akachukua kunde nyingine.

Mpaka leo naligeuzageuza neno lile kichwani. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nitaulizwa kama mimi ni mpangaji au mwana wa nyumba, na jibu nilikuwa sina. Kumbe halikuhitajika. Sheha akaamua karafuu zikishauzwa, Bi alete godoro jingine. Bi akasema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu aliyeombwa abebe gunia la pili.

Kungoja sikukuzoea. Mahali pengine pote, jambo likiharibika mimi huchukua begi. Safari hii nikabaki, nikilala barazani kwa ubavu, nikichagua mizigo midogo na kuchekwa na wenzangu: "Leo umekuja kubeba mayai?"

Karafuu zikauzwa. Godoro likaja, amelibeba mpwa wake Bi. Lilikuwa jembamba, hata kwa mbali nililiona hivyo. Bi mwenyewe alilitandika, akapiga vumbi lisilokuwapo, akasimama mlangoni.

"Lala basi, nione."

Nikalala. Chaga za kitanda nilizihisi moja moja, kiunoni hadi mabegani. Nilitaka kusema. Nikamtazama vile alivyosimama, mkono kwenye mwimo wa mlango, naye amechoka kuliko mimi.

"Vyema?"

"Vyema, Bi. Ahsante."

"Mwongo weye." Akaurudisha mlango nusu. "Mwakani karafuu zikijaaliwa, nitakutilia la pili juu yake."

Mwakani. Mimi sijawahi kuwa na mwakani mahali popote. Nilitafuta swali la kumuuliza, sikulipata, nikageukia ukutani taratibu, upande usiouma sana.