Vitenge Vitatu kwa Jina la Mume Wangu

Hii hadithi huwa naisimulia nacheka, wajukuu wangu mnajua, lakini uso unaniwaka. Mpaka leo unaniwaka.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, tunakaa Nyamirambo. Mtu asiyekopa kabisa. Kama hana pesa ya kibiriti, atakaa bila moto. Mimi sasa, yewe! Mimi kitenge kikipita barabarani nakifuata na macho mpaka kipotee. Mwaka wa tisini na mbili mzee mmoja mwenye duka alileta mzigo kutoka Zaire, rangi zinakuita kwa jina. Sisi wanawake hakuwa anatukopesha. Nikamwambia, "Baba watoto amesema umwandike yeye, vitatu." Hakusema. Hakujua hata. Nyumbani nikadanganya zamu yangu ya ikimina imefika, ule mchezo wetu wa pesa wa akina mama. Akanisifu, maskini.

Niliwaza nitalipa kidogo kidogo na mandazi yangu. Wiki tatu hazijaisha, tumbo likamshika mume wangu safarini, wenzake wakamleta, akafa siku ya pili.

Kwetu Waislamu maiti haitoki mpaka watu waulizwe. Wanawake tuko ndani, sheikh iko uani anasema kwa sauti, "Kama yuko anayemdai marehemu, aseme, au amsamehe." Nikashika mlango. Halafu nikasikia yule mzee wa duka: "Mimi namdai vitenge vitatu. Nimemsamehe mbele ya Mungu."

Wakamshukuru, jeneza likabebwa. Deni limefutwa, uani watu wote mashahidi. Si limekwisha?

Ngoja. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu yangu. Akanishika mkono. "Vitenge? Mwanangu mimi? Vya nani?"

Jirani akanitangulia kujibu. "Mama, hao madereva. Kila mji iko nyumba."

Na mimi nikanyamaza. Vitenge viko chini ya godoro langu, chumba cha pili tu.

Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki. Kila Ijumaa mama mkwe anakuja kunipa habari. Ameshuka mtaa wa Kimisagara kuuliza. Ameuliza madereva wenzake wote. Anamtafuta huyo mwanamke, labda amebaki na mtoto. Amekonda, miguu imevimba. "Mwanangu alikuwa ananiambia kila kitu," anasema. "Hili akanificha?" Mimi namwekea chai, naongeza sukari. Huo ndio msaada niliompa, sukari.

Siku eda ilipoisha nikafunga pesa ya mandazi kwenye leso, nikaenda dukani, nikamwambia mzee yote. Akaisukuma ile leso.

"Nilichosamehe mbele ya maiti sikichukui tena."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Binti, yule mama anapita hapa kila siku ananiuliza mwanawe alimnunulia nani. Sikumtajia kwamba ni wewe uliyevichukua, nisikutie aibu edani; hata mimi nilishaanza kuamini ulitumwa tu, huyo mwanamke yuko. Nenda kwake."

Nilivichukua vitenge vyote vitatu, bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani. Nikamkuta anamenya ndizi.

"Mama, mwanamke unayemtafuta ni mimi."

Hakuelewa. Nikarudia, nikaanza tangu mwanzo, na uongo wa ikimina pia. Akafuta mikono, akavikunjua kimoja kimoja, akavitazama muda mrefu. Nilingojea matusi. Nilitaka anitukane, kweli.

"Kwa hiyo hakuna mtoto?" akauliza.

"Hakuna, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kisweta kidogo cha njano, mkono mmoja bado haujaisha. Kumbe alikuwa anakifuma miezi yote hiyo. Alikiweka mapajani. Halafu akasema bila kunitazama, "Ijumaa akina mama watakuja. Utawaambia wewe mwenyewe. Wote, na yule jirani yako."

Niliwaambia. Nilivaa kimoja cha vile vitenge ili wasiseme natunga. Mmoja akacheka, wote wakacheka, jirani akajifunika uso. Na mimi nikacheka, ndivyo nilivyozoea kuisimulia. Mume wangu akarudishiwa jina lake siku ile.

Mama mkwe hakucheka. Alikaa mlangoni, ameshika kile kisweta, anavuta uzi taratibu, anauzungusha kwenye vidole, mpaka kikawa bonge tu la nyuzi.